Sura ya Saba: Deni Lililoandikwa Waziwazi

Sentensi inaweza kuwa ya kweli leo na ya uongo kesho bila herufi yake hata moja kuguswa. Mwaka 2004 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi ulio hatarini. Aliyeandika mwaka 2006 kwamba magofu hayo "kwa sasa yako hatarini" aliandika ukweli mtupu. Juni 2014, baada ya miaka ya ukarabati, kamati hiyo hiyo ilikutana Doha na kuyaondoa katika orodha. Tangu siku ile sentensi yetu, popote ilipobaki, ilianza kumpotosha kila aliyeisoma.

Kitabu cha karatasi kina kinga yake. Mwaka wa kuchapwa umeandikwa kurasa za mwanzo, na msomaji anajua kwamba anasoma habari za mwaka ule. Makala ya wiki, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri, haina umri wa namna hiyo. Imeandikwa na watu wengi ambao hawajawahi kuonana. Sentensi ya kwanza iliingia juzi, ya pili mwaka 2007, ya tatu imerekebishwa mara nyingi na mikono tofauti, na zote zimekaa mstari mmoja kwa herufi za sura moja. Msomaji hawezi kujua kwa kutazama tu ni ipi imehakikiwa na ipi imedakwa barazani.

Sura hii inahusu alama ndogo zinazopachikwa katikati ya maandishi kumwambia msomaji na mwandishi anayefuata: hapa pana kasoro. "Chanzo kinahitajika." "Nani?" "Lini?" "Fafanua." Wengi huziona kama madoa, na wapo wanaozifuta ili makala ipendeze. Mimi naamini ni kinyume chake. Alama ya namna hii ni deni lililoandikwa waziwazi mbele ya kila mtu, na deni lililoandikwa ni la heshima kuliko lile linalofichwa. Lakini lisiwe deni la kuandika na kuondoka. Linapaswa kukaa mahali penyewe penye kasoro, kuwa na tarehe, kuwa na sababu, na kuwa na mtu atakayerudi kulilipa.

Kazi ya kale

Kuweka alama ya shaka ndani ya maandishi hakukuanza na kompyuta. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Zenodotus wa Efeso, msimamizi wa maktaba ya Alexandria, alikuwa akilinganisha nakala za tenzi za Homer zilizotofautiana. Alipofika kwenye mstari alioutilia shaka, alichora kistari pambizoni, lakini mstari wenyewe akauacha palepale. Aristarchus wa Samothrace aliyemfuata baadaye akaongeza alama nyingine, kila moja na maana yake. Uamuzi wa kutofuta ndio uliokuwa mkubwa. Mhariri alitoa hukumu yake huku akimwachia msomaji nafasi ya kuipinga.

Wasomi wa hadithi za Mtume walifika mbali zaidi. Yeyote aliyepita chuoni katika pwani yetu amesikia kwamba kuna hadithi sahihi, hasan na dhaifu. Imamu Tirmidhi, aliyefariki mwaka 892, alikuwa na desturi ya kunukuu hadithi kisha hapo hapo, chini yake, kutaja daraja yake na kasoro ya msururu wa wapokezi kama ipo. Hakuyakusanya maelezo hayo mwisho wa kitabu. Aliyaweka palepale msomaji alipoyahitaji, pamoja na sababu.

Wiki ya kwanza ilitengenezwa na Mmarekani Ward Cunningham na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995. Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, na ile ya Kiswahili mwaka 2003. Msingi wake ulikuwa mgeni kwa wachapishaji wa zamani, kwa kuwa makala hutoka kwanza na uhakiki hufuata. Hakuna mhariri mkuu anayegonga muhuri kabla ya msomaji kuona. Katika mfumo huo lazima shaka ipatiwe mahali pa kukaa, la sivyo itabaki vichwani mwa watu na kupotea nao. Mwaka 2005 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walipata kigezo cha kuonyesha sentensi isiyo na chanzo. Kilienea kwa kasi. Mwaka 2007 mchoraji wa vibonzo Randall Munroe alimchora mtu aliyesimama katikati ya umati kwenye mkutano wa mwanasiasa akiwa ameinua bango lenye maneno ya alama hiyo. Alama ya wahariri ilikuwa imekwisha kuwa swali la raia kwa kiongozi wake.

Alama inavyofanya kazi

Ukibonyeza "Hariri chanzo" kwenye makala yoyote, utaona maandishi yakiwa na alama za kimashine. Kigezo huandikwa kwa mabano ya kupinda, mawili kila upande, na ndani yake jina la kigezo, mwezi na mwaka, na mara nyingine maelezo mafupi. Ukihifadhi ukurasa, mabano hayo yanageuka kuwa maneno madogo yaliyoinuliwa juu ya mstari, mara tu baada ya dai linalohusika.

Msomaji huyaona maneno hayo tu, lakini nyuma yake kuna kazi ya pili isiyoonekana. Kigezo huiandikisha makala katika jamii maalumu, yaani orodha ya kurasa zote zenye kasoro ya aina ile. Katika Wikipedia ya Kiingereza orodha hizo hugawanywa kwa miezi, na mhariri akisahau kuandika tarehe, roboti iitwayo AnomieBOT hupita na kumwekea. Kwa hiyo mtu anaweza kufungua orodha ya madeni ya mwezi fulani wa miaka kumi iliyopita na kuanza na ya zamani. Kipo pia chombo kiitwacho Citation Hunt, ambacho humchotea mtu sentensi moja isiyo na chanzo kutoka katika orodha hizo na kumwomba aitafutie. Mwenye nusu saa hahitaji kujiuliza aanzie wapi.

Hapo ndipo alama ya ndani ya sentensi inapolishinda tangazo la juu ya ukurasa. Tangazo linalosema "makala hii ina upungufu wa vyanzo" linatia shaka makala nzima, hata aya ambazo ni imara. Msomaji hajui aamini nini, na mhariri hajui aanzie wapi. Alama ya ndani inagusa dai moja na kuyaacha mengine na heshima yake.

Aya moja kwa karibu

Tuchukue aya ya kutunga, ya aina ambayo kila mhariri amekutana nayo:

"Kilwa Kisiwani ulikuwa mji mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Msafiri mmoja Mwarabu aliyefika huko aliusifu sana kwa uzuri wake. Inasemekana jumba la Husuni Kubwa lilijengwa na sultani tajiri. Magofu ya mji huo kwa sasa yako hatarini."

Inasomeka vizuri, na hakuna sentensi ambayo ni uzushi wa kubuni. Hata hivyo ukitaka kuitumia darasani, utagundua kwamba hujapewa kitu cha kushika. Mhariri makini anaipitia hivi:

"Kilwa Kisiwani ulikuwa mji mkubwa kuliko yote [kwa kipimo gani? karne ipi?] katika pwani ya Afrika Mashariki. Msafiri mmoja Mwarabu [nani?] aliyefika huko [lini?] aliusifu sana kwa uzuri wake. Inasemekana [na nani?] jumba la Husuni Kubwa lilijengwa na sultani tajiri [yupi?]. Magofu ya mji huo kwa sasa [kufikia mwaka gani?] yako hatarini [chanzo kinahitajika]."

Kila swali lina mlango wake. La kwanza linadai kipimo. Neno "mkubwa" halikutuambia kama ni wingi wa watu, eneo au mali, na anayejua historia ya biashara ataandika kwamba katika karne ya 13 na ya 14 Kilwa ilipata nguvu kwa kushika njia ya dhahabu iliyopitia Sofala. La pili linadai jina na mwaka. Msafiri ni Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, na hapo hapo kosa lingine linaibuka: aliandikiwa safari zake kwa Kiarabu, lakini kwa asili alikuwa Mberberi wa Tanja, Moroko. Swali la "nani?" limefichua kosa ambalo halikuulizwa. La tatu linaling'oa "inasemekana", neno linalomruhusu mwandishi kusema bila kuwajibika. Jumba hilo huhusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika, na mwanaakiolojia Neville Chittick alilichimba na kuandika matokeo yake. La mwisho tumekwisha kuliona: magofu yaliingia katika orodha ya hatari 2004 na kutoka 2014.

Aliyeziweka alama hizi huenda hakuwa na jibu la hata swali moja. Hakuhitajika kuwa nalo. Alihitajika kujua palipo na pengo na kuuliza swali linalojibika. Mwingine mwenye kitabu cha Chittick atalipa deni lake, mwingine anayefuatilia maamuzi ya UNESCO atalipa la kwake. Huu ni mgawanyo wa kazi kati ya watu wasiofahamiana, na unawezekana tu kama swali limeandikwa kwa usahihi. Alama isemayo "fafanua" bila neno la ziada humwacha anayefuata akibahatisha nini hasa kilimtatiza mwenzake. Alama isemayo "kipimo gani?" imekwisha kufanya nusu ya kazi.

Pale ambapo alama haitoshi

Kuna deni ambalo haliruhusiwi kukaa hata siku moja. Mei 2005 mtu asiyejitambulisha aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari mkongwe wa Marekani, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John F. Kennedy na ndugu yake Robert. Ulikuwa uongo. Seigenthaler alikuwa amefanya kazi chini ya Robert Kennedy, na alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza lake. Maneno yale yalikaa kama miezi minne. Novemba mwaka huo Seigenthaler aliandika makala katika gazeti la USA Today akieleza yaliyompata, na Wikipedia ikalazimika kujitazama upya.

Kanuni iliyotokana na mtikisiko ule inapaswa kujulikana na kila mchangiaji: dai zito juu ya mtu aliye hai lisilo na chanzo huondolewa mara moja. Haliwekewi alama. Ukiandika kwamba mtu alikamatwa kwa wizi, kisha ukapachika "chanzo kinahitajika", umeieneza kashfa na kujiwekea udhuru. Mtoto wake ataisoma, mwajiri wake ataisoma. Alama ni ya kasoro ambayo msomaji anaweza kusubiri nayo. Heshima ya mtu haisubiri.

Noti bandia

Hatari ya pili ni kulipa deni kwa fedha isiyo halali. Mwaka 2008 kijana mmoja wa Marekani aliongeza katika makala ya koati, mnyama wa Amerika ya Kusini, kwamba mnyama huyo huitwa pia mhanga wa Brazili. Jina alilibuni mwenyewe kwa utani. Halikuwa na chanzo, lakini baada ya muda magazeti ya Uingereza yalianza kulitumia, na baadaye likaingia hata katika vitabu. Kisha makala ya gazeti ikarudishwa Wikipedia kama chanzo cha jina lile lile. Mzunguko ulikuwa umefungwa, uongo umejizalia ushahidi. Chimbuko lake lilielezwa hadharani mwaka 2014.

Kwa hiyo kuiondoa alama si ushindi peke yake. Anayeweka chanzo lazima aangalie tarehe mbili, ile ya kuchapwa kwa chanzo na ile dai lilipoingia katika makala. Historia ya ukurasa humwonyesha ya pili kwa mibonyezo michache. Kama chanzo ni kichanga kuliko dai na maneno yake yanafanana mno, mashaka yabaki palepale. Na kama chanzo kipo lakini ndani yake dai halimo, ipo alama ya kusema hivyo, nayo naiona nzito kuliko zote, kwa sababu tanbihi isiyothibitisha chochote humdanganya msomaji aliyekuwa anataka kuhakikisha.

Madeni yetu ya Kiswahili

Katika Wikipedia ya Kiswahili alama iliyozoeleka kuliko zote haimo ndani ya sentensi. Ni ile iliyo chini ya makala fupi, isemayo kwamba makala bado ni mbegu na kumkaribisha msomaji kuikuza. Ni alama nzuri, yenye ukarimu. Lakini inasema tu kwamba makala ni fupi, haisemi kitu juu ya ukweli wa yaliyomo, na makala ya mistari mitatu inaweza kuwa na makosa mawili.

Kiswahili kinaishi katika nchi zinazobadilika haraka, na maandishi yetu huchakaa kwa mwendo huo huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilileta kaunti 47, nazo zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa 2013. Kila sentensi isemayo mji fulani "uko katika Mkoa wa Bonde la Ufa" ilihitaji kuguswa. Tanzania ilipata mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu mwaka 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makala ya mto, ya shule, ya mwanasiasa aliyezaliwa huko, zote ziliachwa nyuma siku moja.

Katika jambo hili waandishi wa makala za kata za Tanzania wametuachia mfano mzuri. Wanapotaja idadi ya wakazi hutaja na mwaka wa sensa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923 nchini, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Aliyeandika "Tanzania ina watu milioni 45" ameachwa na wakati. Aliyeandika "kwa sensa ya mwaka 2012" atabaki mkweli miaka mia ijayo, na anayekuja kusahihisha anajua papo hapo kwamba sensa mpya imekwisha kutoka. Tarehe ndani ya sentensi ni alama iliyowekwa mapema, kabla kasoro haijatokea. Natamani kila "kwa sasa", "hivi karibuni" na "siku hizi" katika makala zetu ibadilishwe kwa mwaka.

Liko jambo gumu zaidi. Mambo mengi tunayoyajua hayajaandikwa popote. Mzee wa Pate anaweza kukueleza ukoo uliojenga msikiti, na fundi wa Bagamoyo hatua za kutengeneza jahazi, na hakuna kitabu cha kutaja. Ukipachika "chanzo kinahitajika" juu ya maelezo ya mzee huyo, alama inasomeka kana kwamba unamwita mwongo. Mwaka 2011 mradi wa Achal Prabhala ulijaribu, huko India na Afrika Kusini, kurekodi sauti za wajuzi na kuzitumia kama vyanzo vya makala. Ulizua mjadala mkali, na kanuni kuu ya kutegemea vyanzo vilivyochapishwa ilibaki. Ila ulituachia somo: kuna tofauti kati ya dai lisilo na ushahidi na dai lenye ushahidi ambao haujachapishwa. Alama zetu zinapaswa kuitaja tofauti hiyo. Nafasi ya maelezo ndani ya kigezo ipo kwa kazi hiyo: "masimulizi ya wenyeji, bado hayajachapishwa" ni swali la haki, nalo linamwelekeza mtafiti wa chuo mahali pa kwenda na kinasa sauti.

Upande wa vyanzo vilivyochapishwa, dawa ya deni ni kulipa, na walipaji wako maktabani. Mwaka 2016, Wikipedia ilipotimiza miaka 15, ilianzishwa kampeni ya kumwomba kila mkutubi duniani aongeze rejeo moja. Mwaka 2020 jumuiya ya maktaba za Afrika, AfLIA, iliandaa wiki ya wakutubi wa Afrika kwa kazi hiyo hiyo. Rejeo moja ni kidogo sana, lakini mkutubi wa Dodoma au Mombasa anashika mkononi kitabu cha Kiswahili ambacho hakimo katika intaneti na hakitaingia karibuni. Swali lililoandikwa vizuri ndilo linalomfikia yeye na kitabu chake.

Jumuiya ndogo kama yetu haina watu wa kulipa madeni yasiyo na idadi. Katika Wikipedia ya Kiingereza makala zenye dai lisilo na chanzo ni mamia ya maelfu, na alama nyingine zimezeeka bila kuguswa. Tusiwaige katika hilo. Kabla ya kupachika alama, tafuta chanzo mwenyewe. Mara nyingi kupata jibu ni kazi ya dakika chache tu. Ukilikosa, uliza swali mahususi na uandike tarehe. Usiweke alama tano kwenye sentensi ambayo ingefaa kuandikwa upya. Kama jambo lina utata, fungua ukurasa wa majadiliano na useme sababu zako kwa lugha ya heshima, maana aliyeandika kabla yako alijitolea kama wewe. Na kwa kila alama unayoweka, lipa nyingine iliyowekwa na mtu mwingine.

Tukifanya hivyo, mwanafunzi wa sekondari anayetafuta habari za mji wake kwa Kiswahili atapata makala inayomweleza tunachokijua, na kumwonyesha bila kificho mahali tusipojua bado. Atajua sentensi ipi aitegemee katika mtihani na ipi aiulizie nyumbani kwao. Siku atakapopata jibu, mabano yako wazi, na ruhusa ya kuandika anayo.